Nyangumi Naye Apimiwe Mita Zake Mia

Kwa Mkuu wa Usimamizi wa Bahari,

Ndugu Mkuu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, umeketi mahali pasipoyumba. Mimi ni nahodha wa boti inayopeleka wageni kutazama nyangumi, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Juzi ofisi yako ilinisimamisha kazi wiki mbili kwa kumkaribia nyangumi mwenye mtoto chini ya mita mia. Adhabu nimeipokea shingo upande. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sheria inanibana peke yangu. Siku ile nyangumi ndiye aliyetujia, lakini yeye hajaandikiwa hata onyo. Naomba naye apewe mafunzo na leseni, na kila mwaka apange foleni kuihuisha kama mimi.

2. Mita mia baharini zinapimwaje? Kwa jicho? Jicho langu ndilo lililoniongoza mwaka jana nikagonga gati lililosimama palepale tangu sijazaliwa. Nilifikiria kamba, ila ingebidi mtu ampelekee nyangumi ncha ya pili. Fundi mashine wangu alikataa katakata. Alisema, "Nahodha, mimi nina watoto."

3. Siku moja niliitii sheria kikamilifu. Kwa dakika ishirini niliwaeleza abiria habari za mnyama yule wa mbali: mgongo wake, utulivu wake, hekima yake. Lilikuwa gogo. Walilipiga picha nyingi.

4. Ikiwa ofisi yako itashikilia mita zake, basi zitumike na nchi kavu. Tangu nisimamishwe, mama mkwe wangu hunijia nikiwa nimejilaza kochini na kuniuliza nitarudi kazini lini. Mimi pia ni kiumbe mkubwa, mpole, napumua kwa kishindo, na wa aina yangu tunazidi kupungua. Nastahili hifadhi.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule afisa mwenye darubini. Mwambie sina kinyongo naye, ila anaona mbali kupita kiasi.

Ni mimi, mtiifu wako kwa sasa,
Nahodha asiye na boti

Baada ya sahihi: Binti yangu ndiye anayenichapia barua hii. Siku ile alikuwemo botini, na amegoma kuituma nisiposema kweli. Nyangumi hakutujia. Sisi ndio tuliomfuata, karibu saa nzima. Kila alipogeuka, nami niligeuza usukani. Mtoto wake akawa anaibuka mara kwa mara kutafuta pumzi, na mama akajiweka kati yake na boti. Abiria walishusha kamera wenyewe. Binti yangu akaniambia polepole, "Baba, zima injini." Nilizima, lakini nilikuwa nimechelewa.

Kwa hiyo futa namba moja hadi nne. Mita mia hazitoshi, ziongezeni. Na zile wiki mbili zangu, naomba ziwe nne, mpaka yule mtoto apate nguvu.