Daktari wa Makontena

Bravin Anyona alikuwa Masimba akingoja gurudumu la Probox yake lizibwe pancha alipoliona lile kontena, na moyo wake, ambao ulikuwa umelala tangu alipouza shamba la jirani aliyesafiri, ukaamka.

Kontena lilikaa kando ya barabara, limepakwa rangi ya samawati inayong'aa, milango wazi. Ndani vijana walikuwa wakinyanyua vyuma huku redio ikiwaimbia. Fundi wa pancha alimweleza kwamba gym hiyo ni ya mjane, Persis Nyakerario, anayeitwa Mama Linet. Mumewe ndiye aliyelileta kontena kutoka Mombasa. Alipofariki, mama akabaki nalo, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kunyanyua chochote zaidi ya kikapu cha majani chai.

Sasa, kule Nyamarambe kulikuwa na mwenye kinu aliyeitwa Okemwa, mtu mpana, mwenye vijana wanne wa kumbebea magunia. Okemwa alikuwa akitafuta gym ya kontena kwa hamu kubwa. Alikuwa amesikia kwamba kontena halipasuki ukuta, haliliwi na mchwa, unaliweka leo unalisahau. Bravin aliwapenda sana watu wanaosahau.

Alimwomba fundi chupa ya kunyunyizia maji, akakwangua kutu kwenye rimu kuukuu, akaikoroga ndani. Kisha akafunga vifungo vya shati lake jeupe na kuvuka barabara.

"Mimi ni daktari," alisema mlangoni.

Mama Linet alikuwa ameketi karibu na mlango akifuma sweta. "Hapa hakuna mgonjwa."

"Yupo, mama. Umeketi ndani yake."

Bravin akagonga ukuta kwa vidole, akaweka sikio, akafumba macho. Vijana waliacha vyuma. Mmoja wao, Manasseh, ambaye shingo yake ilikuwa imeanza kushinda kichwa kwa unene, alisogea.

"Mapigo yakoje, daktari?"

"Yamechoka."

Akanyunyizia ukuta dawa yake. Mchirizi mwekundu ukateremka juu ya ile samawati. "Dawa hii haigusi chuma kizima," alisema kwa sauti ya msibani. "Ikikutana na kutu iliyojificha, inatoa damu."

Ukweli ni kwamba dawa ile ingetoa damu hata kwenye mbuzi. Lakini watu wachache hutembea na mbuzi wa kuhakikishia.

"Kwa hivyo litaanguka?" Mama Linet aliuliza.

"Linangoja tu mtu apumue vibaya."

Manasseh alishusha pumzi polepole.

"Na mimi nililipaka rangi Desemba," mama akasema.

"Rangi ni poda ya usoni, mama. Haitibu mapafu."

Mama Linet aliweka sweta chini. Uso wake ulikuwa na huzuni ambayo Bravin aliipenda mara moja. Akamwambia kwamba yeye huwasaidia watu kuondoa vyuma vibovu kabla havijaua mtu, na hatamtoza kitu.

"Nikose kontena, nibaki hivi hivi?" Mama akatazama nje. "Lile gari ni lako?"

"Lile? Lile ni ofisi yangu, mama. Ndicho kitu pekee nilicho nacho duniani."

"Miguu yangu imekataa safari za kanisani. Basi tuache. Leo ni Ijumaa, jua likizama Sabato inaingia, nami siuzi, sinunui wala sibadilishani. Halafu Jumapili ndugu yangu anakuja kutoka Eldoret. Yeye ni welda, fundi wa kuchomelea matangi ya maziwa. Atalitazama."

Welda angeitambua kutu ya rimu mara moja. Alipiga hesabu ya haraka. Probox ilikuwa inakula oili kuliko petroli. Kontena zima lingemletea Probox mbili na pumzi ya kupumzika.

"Welda atakubandikia viraka tu, mama. Chukua gari."

"Kabla jua halijazama?"

"Sasa hivi."

Akapiga simu Nyamarambe, akamwambia Okemwa atume pesa ya lori la kreni.

"Lakini ni zima?" Okemwa aliuliza.

"Mzee wangu, ni zima kama jiwe la Tabaka."

Okemwa, kwa haraka yake, hakukumbuka kwamba jiwe la Tabaka huchongwa kwa kisu. Akatuma.

Kreni ilipotoka Kisii mjini na kufika, jua lilikuwa limeshaanza kuelemea upande. Vijana walikuwa wakitoa vyuma vyao nje. Walipita kandokando ya ukuta, mmoja nyuma ya mwenzake, wala hakuna aliyekanyaga mikeka ya mpira katikati. Bravin alidhani wanaheshimu ugonjwa. Alitaka kuinua mkeka mmoja atazame sakafu, lakini kila alipoinama, Mama Linet alisema, "Kijana wangu, jua." Naye aliinuka.

"Neno moja la mwisho," mama akasema mbele ya watu waliokusanyika. "Sitaki kesho niambiwe nilimficha mtu. Hebu sema tena, kontena liko vipi?"

"Limeoza," Bravin akatangaza kwa sauti ya mhubiri. "Limeoza kabisa, nami nalichukua hivyo hivyo lilivyo."

"Mmesikia?"

"Tumesikia," wakajibu.

Bravin akatoa ufunguo na logibuku ya gari. Binti wa mama, Linet, akavipokea na kukaa nyuma ya usukani.

Minyororo ikakaza. Kontena likaguna, likatikisika, likapanda. Kwanza kiasi cha kiganja, kisha hadi magotini, kisha hadi kiunoni. Hapo ndipo Bravin alipoona kwamba kontena linaondoka na sakafu haiondoki. Mbao zote zilibaki chini na mikeka yake, na ufagio, na chura mmoja aliyeonekana kukasirishwa na mwanga. Kontena lilining'inia hewani kama sketi. Upepo ulipopita, vipande vya kutu vikamwagika juu ya shati jeupe la daktari.

"Mama," alisema. "Sakafu."

"Si ulisema mwenyewe?"

"Mimi nilisema..." Bravin akatazama watu. Watu wakamtazama, wakingoja kwa hamu alichosema.

"Kumbe ulijua?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwaka wa tatu sasa. Marehemu aliliketisha juu ya udongo, hakuliinua kwa mawe. Na mvua yetu unaijua. Chini maji, juu jasho la hawa vijana, linapanda, linashuka, halina pa kutokea. Ndugu yangu alinieleza hayo yote mwaka jana. Kulikata na kulibeba ningelipa mafundi, nami sina. Basi nikapaka rangi na kuomba." Akamtazama kwa upole wa kweli. "Ndipo ukaja. Nami nikashangaa, maana dawa yako ni kali."

"Daktari," Manasseh akauliza, "maiti itakaa mochari gani?"

Wanawake watatu wa kanisa walikuwa wameshaingia kwenye Probox, vitabu vya nyimbo mapajani. Mama Linet akakaa mbele, akafungua dirisha. "Ukiwa na neno jingine, tuongee Jumapili. Sabato njema." Gari likakohoa, likashika njia ya Itumbe kwenda kuipokea Sabato.

Simu ikalia. Ilikuwa Okemwa.

"Mzigo umefika wapi?"

Bravin alitazama juu. Dereva wa kreni alikuwa ametoa kichwa akiuliza alilaze wapi. Na hapo, kwa sababu hakuna uongo uliokuja upesi, Bravin alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye simu.

"Mzee, nikwambie ukweli. Hili kontena limeoza. Halina sakafu."

Okemwa alicheka kwa muda mrefu.

"Wewe, Bravin. Umepata mtu wa kukuongezea bei, sasa kontena langu limeoza? Mchana lilikuwa jiwe, jioni ni uji?"

"Wallahi naapa, mzee."

"Tangu lini wewe ukaapa? Sikiliza. Niko njiani na vijana wangu wote wanne. Tumeshapita Ogembo. Usiondoke hapo."

Simu ikakatika. Bravin akatia mkono mfukoni, mbio mbio, kutafuta ufunguo wa gari.