Malalamiko Dhidi ya Chemchemi Isiyotaka Kuendelea

Ndugu Afisa wa Maji na Mazingira,

Amani ya Mungu iwe juu yako, juu ya meza yako, na juu ya wote wanaofika mlangoni kwako wakaambiwa umetoka kidogo. Mimi ni mama wa makamo, mtu wa sala, na kazi yangu ni udobi. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara, ndiyo maana mtaa mzima wananiita Mama Mashuka. Shule niliishia njiani, hivyo nikikosea herufi unisamehe. Ila ninachokuandikia nimekifikiria nikiwa nimeinama kwenye karai, na huko muda wa kufikiri ni mwingi.

Naishtaki chemchemi yetu, ile iliyo nyuma ya nyumba, katikati ya mteremko. Sipendi kumsema mtu. Hata jirani anayefuga jogoo kichaa sijawahi kumshtaki popote. Lakini hii imezidi. Maji yakikauka, kazi yangu imekwisha, na kazi ikiisha itabidi nihamie mjini kwa binti yangu, mwenye chumba na sebule. Nilale sebuleni kwa mkwe wangu, anipite asubuhi amevaa taulo! Ndugu Afisa, nawe una mama. Soma taratibu.

1. Chemchemi imevunja makubaliano. Utakumbuka siku ya semina ulikuja na kipaza sauti ukatuhimiza tuzingatie matumizi endelevu ya rasilimali. Lile neno lilitusumbua. Ulipoondoka tulibaki pale pale tukalijadili. Mwenye duka alisema endelevu ni kitu kinachoendelea, hapo hapana fumbo. Wifi yangu akadai yeye alisikia "elekevu", yaani tutumie kwa akili. Tukamcheka sana. Tukamwambia afisa mzima hawezi kuchoma mafuta ya gari kuja kutuambia tutumie akili. Basi tukakubaliana kwamba matumizi yaendelee, nasi, Mungu ni shahidi, tumeendelea. Hakuna aliyepumzika. Waliokuwa wakichota kwa ndoo wakaja na mapipa. Upande wetu tumetimiza neno lako. Yenyewe ndiyo imekataa kuendelea.

2. Haina shukrani. Ilikuwa imezungukwa na miti mikubwa, giza na unyevunyevu mtupu, ukiinama kuchota unawaza nyoka. Tukaionea huruma, tukaifyekea yote ili ipate jua na hewa kama viumbe wengine. Miti haikupotea bure, maana shemeji yangu aliichomea matofali. Huyu shemeji tunamwita Injinia, kwa sababu aliwahi kuifungua redio mbovu ikazungumza. Tulitegemea chemchemi ichangamke. Badala yake ikaanza kurudi ardhini kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta mlango kwenye kikao cha michango.

3. Ni kaidi. Iliporudi nyuma tuliifuata kwa majembe. Ikarudi tena, Injinia akaleta pampu ya dizeli avute maji ya kukandia udongo wa matofali yake. Kadiri anavyovuta ndivyo inavyobana. Nilimwambia, shemeji, hebu punguza. Akanijibu, shemeji yangu, maji hayana macho, yatajuaje kama nimepunguza? Nikaongeza karai la pili.

4. Imewaudhi vyura. Mimi hufulia pale pale mdomoni pa chemchemi, na maji ya sabuni nayarudisha humo humo kwa kuwa sipendi kupoteza kitu. Ni sabuni nzuri, ina dawa ya kung'arisha, inanukia hadi barabarani. Chura aliyelelewa vizuri angeshukuru. Wao wamehama wote bila kuaga, na sasa jioni kuna ukimya wa kutia aibu, unasikia ugomvi wa kila nyumba neno kwa neno.

5. Imekamata mali ya ofisi yako. Siku ile ya semina mlitugawia maji ya chupa, nasi tunashukuru, kwa sababu maji ya chemchemi yasingenyweka wakati dereva wako anaoshea gari mle. Chupa zilipokwisha tulizitupa kama watu wengine wanavyotupa, nayo chemchemi ikazikusanya zote ikajizibia mdomo. Nembo ya ofisi yako bado inasomeka vizuri. Ndicho kitu pekee kinachong'aa pale, maana mashuka yangu sasa yanatoka na rangi ya chai. Mwenye nyumba ya wageni ameniita pembeni akasema, Mama Mashuka, wageni wanafikiri nawalaza kwenye magunia, yakija hivi tena natafuta mashine. Na ni mtu mpole yule.

6. Ina washirika, nao ni mawingu. Yanakuja mpaka juu ya mapaa yetu, yanatutazama, halafu yanakwenda kunyesha kule mlimani kwenye msitu ambao hatujaufikia. Huu ni upendeleo wa wazi. Tuliitisha mfungo na maombi, tukaizunguka chemchemi tukiimba hadi sauti zikatukauka. Mama mkwe wangu, ambaye macho yake yana mtoto wa jicho lakini ulimi wake mzima kabisa, akauliza kwa nguvu katikati ya sala: "Mnamwombea mgonjwa huku mmemkalia kifuani?" Tukamwomba atulie. Akasema ametulia, anauliza tu. Tukaongeza sauti.

Kwa hayo yote, Ndugu Afisa, naomba chemchemi iandikiwe barua ya onyo, ibandikwe kwenye jiwe pale mdomoni, na mawingu yapelekewe nakala. Isipojirekebisha, iitwe kwenye semina ijifunze kushirikiana na jamii. Na ikiendelea na ukaidi, basi ihamishwe, sisi tuletewe nyingine, changa, yenye miti pembeni na vyura wake, ambayo haijawahi kuguswa na mkono wa mtu. Nakuahidi kwa niaba ya mtaa kwamba tutaitumia kwa njia endelevu kama tulivyoitumia hii.

Nisalimie mlinzi wa getini, katibu wako, dereva wako na gari lake, mama watoto na watoto wote. Injinia anakusalimu. Wifi anakusalimu, na bado anasema alisikia "elekevu". Mama mkwe hakukusalimu, lakini usijali, hata sisi wa nyumbani hatusalimu kila siku. Mungu akulinde na kukupa macho ya kuisoma hadi mwisho.

Wako mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji,

Mama Mashuka

Tanbihi: Barua hii imechelewa kutumwa. Binti wa mwenye duka aliolewa mbali, tukafunga nyumba mtaa mzima kwenda harusini, tukakaa huko hadi wenyeji wakaanza kutuuliza kwa upole tunasafiri lini. Aliyebaki ni mama mkwe peke yake. Tuliporudi nilishuka na mzigo wa mashuka, nikakuta maji yamepanda, meupe, unaona hadi mchanga unavyochezacheza pale yanapotokea. Chura mmoja alikuwa anapiga kelele kama aliyepangiwa zamu. Nikamuuliza mama mkwe ni fundi gani aliyekuja kuitengeneza. Akasema, hakuja mtu, mwanangu, hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Ndugu Afisa, chemchemi haina ugonjwa. Lile ombi la kuihamisha ulifute, uandike tuhamishwe sisi, hata kama ni kushuka mteremko tu. Mimi sikungoja jibu lako. Makarai yangu nimeyateremsha huku chini kabisa, maji ya sabuni yaishie kwenye mchanga, na sasa napanda kuchota na kushuka na ndoo, mgongo unanisema vibaya. Injinia amepita hapa anasukuma toroli lenye pampu yake. Amesimama, ameniangalia, ameniuliza ni nani kanihamisha. Nimemwambia barua yangu imejibiwa kabla sijaituma. Amekaa kwenye ukingo wa toroli anaitazama chemchemi. Pampu bado hajaiwasha.