Mratibu Mtarajiwa wa Amani

Jumatatu, 3 Juni
Balaa! Mama Mradi, mkuu wa lile shirika la kigeni la kujenga amani, amepita ofisi ya mtaa, ambako mimi ni katibu. Anasema mtaa wetu umetulia mno. Kazi yao ni kuzuia ugomvi kabla haujawa vita, na hapa hakuna cha kuzuia. Atarudi Ijumaa. Asipoona dalili yoyote, mradi unahamia mtaa wa juu, ambako wanagombea kisima. Na cheo cha mratibu wa amani, ambacho nimeshajitangazia kwa mke wangu, mama mkwe na muuza magazeti, atapewa Bwana Utaratibu, katibu wa huko. Mtu anayepiga pasi hadi soksi! Thubutu.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata. Ugomvi mdogo tu, wa kuonyesha wageni. Kinyozi na dada mmoja fundi cherehani wana baraza moja na benchi moja la wateja. Kinyozi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Analala kwenye kochi langu tangu mwaka juzi, anakoroma, na dalili za kuondoka hana. Walipokwenda kula mchana nikalisogeza benchi lote upande wa kinyozi. Halafu nikamnong'oneza fundi kwamba kinyozi anasema wateja wa cherehani wana domo. Nikamnong'oneza kinyozi kwamba fundi analalamika nywele zinarukia vitambaa vyake, na kwamba kunyoa kwenyewe hajui. Hiyo ya mwisho nilitia chumvi. Jioni hawakuagana. Safi kabisa!

Jumatano, 5 Juni
Mambo yamepamba moto. Wamechora mstari wa chaki katikati ya baraza. Benchi wamelikata kwa msumeno, kila mmoja na nusu yake yenye miguu upande mmoja. Mteja mmoja wa kinyozi, mstaafu wa posta, ameanguka nalo, povu kidevuni. Hilo sikulipanga. Nikampigia simu Mama Mradi kwa sauti ya majonzi. Amesema anakuja na timu nzima!

Kufika nyumbani, mke wangu analia. Kumbe kinyozi alikuwa apeleke posa Jumapili. Kwa nani? Kwa fundi! Walinificha kwa sababu eti mdomo wangu hauna kifuniko. Angehamia kwa mkewe, kochi lingekuwa langu. Sasa ameapa haoi tena, atazeekea sebuleni kwetu. Mke wangu naye ameapa akimjua mchonganishi, huyo mtu atakiona cha mtema kuni. Nikamwambia nitamsaidia kumtafuta.

Alhamisi, 6 Juni
Nimejaribu kurudisha mambo nyuma. Nikamwambia fundi kwamba kinyozi amekonda kwa kumwaza. Akauliza mtu aliyemtukana juzi amekonda saa ngapi, na mbona kifungua kinywa alikula mbele yake. Nikaenda kuliunga benchi kwa misumari. Halikuungika, ila nikaipigilia suruali yangu, ile ya kuvaa kesho. Fundi amekataa kuishona. Anasema hashonei ukoo wa kinyozi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeaibika, jamani.

Nilidhani Mama Mradi atauliza nani mkosaji. Hakuuliza. Alibandika karatasi kubwa ukutani, akaandika jina la kila mmoja ndani ya duara, akauliza swali moja tu: hayo maneno uliyasikia kwa nani? Kila jibu, mshale. Fundi, mshale kwangu. Kinyozi, mshale kwangu. Muuza magazeti, ambaye nilimsimulia kwa kumwamini, mshale kwangu. Wino ukaisha. Bwana Utaratibu, aliyealikwa kama mtazamaji, akachomoa kalamu nyingine mfukoni.

Kisha fundi akaanza kucheka. Kinyozi akafuata. Wakashirikiana kunisema, wakisaidiana pale mmoja alipokosa neno. Mama Mradi alisema hajawahi kuona pande mbili zikipatana haraka namna ile. Nikauliza kama hilo linahesabika katika maombi yangu ya kazi. Akaanza kubandua karatasi yake ukutani. Mke wangu yeye hakucheka hata kidogo.

Jumapili, 9 Juni
Posa imekubaliwa. Mimi nimebaki kulinda nyumba. Shemeji amehamia kwa rafiki yake mpaka siku ya harusi, na kochi nimerithi mimi, kwa amri ya mke wangu. Limebonyea katikati na miguu inabaki nje. Bwana Utaratibu ndiye mratibu. Inauma, sifichi.

Lakini nimekaa nikatafakari, na kosa langu nimeliona. Nilitumia watu. Watu wana midomo.

Muuza magazeti ananiambia mwezi ujao linakuja shirika jingine, la kuzuia mafuriko, na litahitaji mratibu. Tatizo ni kwamba mtaa wetu haufuriki, mfereji unapitisha maji vizuri mno. Nimetoka kuupima. Nusu ya benchi inaenea pale sawasawa.