Ushuhuda wa sumaku ya baffle

Leo sina uso wa kupita nao mtaani Cimpunda.

Nasoma fizikia. Kuna metali ambazo elektroni zake zimebanana kama watu wa soko la Kadutu, mmoja hasogei bila kumsukuma mwenzake. Ukizisogezea sumaku, ukinzani wa umeme unaweza kupanda au kushuka kwa namna ya ajabu. Kwa nini? Swali hilo nimelipenda, nataka liwe sujet, yaani mada, ya mémoire yangu ya kumaliza chuo. Prof anayeniongoza akaweka sharti: "Maman, ile métal hatuna hapa. Unionyeshe kwanza kama unajua kupima na waya ya kawaida, njo nitakubali sujet."

Sumaku nilitoa kwenye baffle, spika kubwa iliyokufa ya chorale yetu, kwaya ya kanisani. Jana nyumbani nikaunga waya, chaja ya simu na mita ya zamani ya sindano. Nikaleta sumaku. Sindano ikashuka! Umeme umepungua, basi ukinzani umepanda. Palepale nikatuma sauti kwenye grupu ya chorale: "Mungu ametenda." (Kujaribu mara ya pili? Haraka zangu hizo.)

Leo, mbele ya Prof na darasa zima, nikasogeza sumaku. Sindano ikashuka kidogo. Prof akainama kutazama. Nikapata kiburi, nikaisogeza zaidi. Sindano ikaanguka hadi sifuri.

"Munaona? Umeme imekatala kabisa kupita."

Prof akatazama taa ya juu. "Maman, courant ilishaenda."

Kweli, taa ilikuwa imezimika. (Nani hutazama taa mchana?) Nikainua sumaku niiweke kando, na sindano ikainuka nayo. Hakuna umeme, lakini inatembea. Nikarudisha sumaku, ikarudi. Darasa likaangua kicheko. Sindano ni ya chuma. Tangu jana sumaku ilikuwa inaivuta yenyewe, waya wala haikuhusika.

"Sasa ulikuwa unapima nini?"

"Sindano, Prof."

Nilitamani sakafu inimeze. Yeye hakucheka. Alichukua sumaku akaichezesha mwenyewe muda mrefu, kama mtoto. Kisha akasema, "Utaleta waya murefu, mita ikae mbali na sumaku. Turudilie kupima, kisha tutaongea sujet."

Nikatoka na matumaini kidogo, nikafungua simu. Rais wa chorale ameandika: "Dada, dimanche tumekupangia ushuhuda, mbele ya mahubiri."

Wenzangu wa fizikia, nawaomba sana: Jumapili hii salini kwingine.