Foleni ya Kukodi

Daktari alikuwa amesimama mbele ya duka lililofungwa, akijitazama kwenye kioo na kuinyoosha tai yake, alipohisi mtu anampumulia shingoni. Akageuka. Nyuma yake walikuwa watu watatu waliojipanga vizuri: mama mwenye kikapu, mwanamume mwenye kofia, na mwingine aliyekuwa akinyoosha shingo ili aone mbele.

"Wanafungua saa ngapi?" mama mwenye kikapu aliuliza.

"Nani?"

"Hawa wa hapa."

Daktari akalitazama duka. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, na ndani ya dirisha buibui alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vingi.

"Kwani wanauza nini?" aliuliza yule wa nyuma.

"We nyamaza," mwenye kofia alimjibu. "Waliowahi ndio wanaojua."

Mwili mzima ulimsisimka Daktari. Kuna watu huonyeshwa riziki yao ndotoni. Yeye alionyeshwa yake mchana kweupe, mbele ya kufuli bovu. Akajichomoa taratibu na kuvuka barabara. Alipotazama nyuma, foleni ilikuwa imeshapinda kona, na mwenye kofia alikuwa akigombana na mtu aliyetaka kupenya.

Tumjue kidogo mtu wetu. Daktari hajawahi kumtibu mtu yeyote. Jina alijipa mwenyewe, na kwa urefu lilikuwa Daktari wa Maduka. Alipita madukani akiwaambia wenye mali kwamba mali yao inaumwa, akachukua chake, akaondoka kabla mgonjwa hajaamka. Na maduka aliyapenda kwa dhati, hilo tusimnyime. Alijua kwa nini sukari huwekwa nyuma kabisa, ili mtu apite kwanza kwenye biskuti. Alijua kwa nini dukani hakuna saa ukutani. Angeweza kusimama mbele ya kopo la maziwa akalisifia rangi mpaka muuzaji akaja kumuuliza kama anaumwa. Kwa utaalamu huo angekuwa tajiri, lakini duka linataka mtaji, na mtaji wake wote ulikuwa mdomo na suti ya kijivu.

Suti yenyewe zamani ilikuwa cherehani. Ilikuwa cherehani ya shangazi yake, fundi wa nguo aliyemlea tangu anatambaa na ambaye mpaka leo alimpa chumba cha nyuma na chakula cha jioni. Shangazi alipokwenda kumuuguza rafiki yake, Daktari aliibeba cherehani ile mpaka kwa muuza vitu vilivyotumika, akarudi amependeza. "Iko kwa fundi, shangazi," alimwambia. Tangu hapo fundi huyo, ambaye bado hajazaliwa, alikuwa akisubiri spea. Shangazi alishona kwa mkono, macho yakimtoka machozi, na kila jioni aliuliza habari za cherehani kama anayeulizia mgonjwa. Daktari alikuwa akiona haya, tena haya ya kweli, ila haya yake ilikuwa na tabia ya kulala mapema. Juzi tu muuza vitu alikuwa amemwonya kwamba kuna mshonaji ameitamani na Jumatatu anakuja kuichukua.

Basi, alipokwisha kuvuka, alikwenda moja kwa moja hadi duka la viatu la Bei-Moja. Mzee huyu aliitwa hivyo kwa sababu tangu afungue duka hajawahi kumpunguzia mtu bei, hata mke wake.

"Shikamoo, mzee wangu. Duka lako linaumwa."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Nimelisikia likikohoa kutoka ng'ambo ile." Daktari alikuwa ameshaingia, anagusa rafu, anatikisa kichwa kwa majonzi. Rafu zote, kutoka sakafuni hadi darini, zilijaa viatu vya aina moja, vya manjano kama kiini cha yai. "Na hivi vina nini?"

Bei-Moja akatazama mlangoni, kisha akanong'ona. "Vinalia."

Alivinunua kwa bei ya kutupwa kwa sababu kiwandani walikosea gundi, na alidhani amewapiga bao. Daktari akavua vyake, akavaa vya manjano, akatembea hadi kaunta. Kwii-kwaa, kwii-kwaa. Paka wa duka akatoka nje mbio.

"Wateja umewaambiaje?"

"Nimewaambia vitanyamaza vikizoea."

"Ndiyo maana unakufa njaa! Mzee, maskini anatembeaje?"

"Kwa miguu."

"Kimyakimya! Sasa tajiri je? Gari lake unalisikia, geti lake unalisikia, hata kicheko chake unakisikia kutoka mtaa wa pili. Hivi havilii, mzee wangu. Hivi vinamtangaza mtu."

Bei-Moja akakiokota kiatu kimoja na kukitazama kama baba anayeambiwa kwamba yule mtoto wake mzito ndiye aliyeongoza darasa. Daktari hakumpa nafasi ya kupumua. Viatu vyote viingizwe stoo. Dukani kibaki kimoja tu, juu ya stuli, chini ya taa. Vioo vibandikwe karatasi nyeusi, mlangoni akae mlinzi, watu waingie wachache wachache. Mteja akishapima, viatu vikafungwe ndani, kwenye boksi jeupe lenye utepe.

"Na boksi halifunguliwi dukani. Ni mwiko. Anayefungua hapa hapa, mnunulie maandazi, huyo ana njaa tu. Mteja wa kweli analibeba mtaani watu wakimtazama. Anachonunua ni ile njia ya kurudi nyumbani."

"Bei nishushe?"

"Zidisha mara mbili. Kiatu rahisi kikilia ni kibovu. Kikiwa ghali, kinaimba."

Bei-Moja, kwa mara ya kwanza tangu afungue duka, aliona haja ya kukaa chini. Walikubaliana kwamba Daktari ataleta foleni na atachukua nusu ya faida Jumamosi jioni. Mzee alipotamka neno "nusu" sauti ilimkatika katikati, lakini alilitamka.

Foleni aliitafuta nyumbani. "Shangazi, nahitaji watu wa kusimama. Watu wazima, wenye sura za kuaminika. Nitawalipa. Na Jumamosi cherehani inatoka kwa fundi."

Shangazi akakata uzi kwa meno, akamtazama juu ya miwani. "Spea imepatikana?"

"Iko njiani."

"Haya, baba. Watu nitakutafutia."

Akawaleta majirani: karani mstaafu mwenye fimbo, mama muuza mkaa, kinyozi ambaye wateja wake walikuwa wamehamia kwa mwingine, na wengine waliokuwa hawana la kufanya na walilifanya vizuri. Daktari akawafundisha uani.

"Msitabasamu. Mtu aliye kwenye foleni hana furaha, ana matumaini. Mkiulizwa mnasubiri nini, msijibu haraka. Semeni, 'Kwani hujasikia?' Basi. Na mtu akitaka kupenya mbele, mkasirike."

"Niruhusu nizimie," karani mstaafu aliomba.

"Usizimie, baba."

"Kidogo tu. Siku ya pili."

Ijumaa asubuhi foleni ya kukodi ilisimama mbele ya karatasi nyeusi za Bei-Moja. Kabla chai haijapoa, watu wa kweli walikuwa wameshaungana nayo. Saa nne foleni ilipita famasi, mchana ilifika benki, na mlinzi wa benki akajiunga akiwa na kirungu chake. Mama muuza mkaa aliulizwa kuna nini. Akamtazama aliyeuliza toka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Kwani hujasikia?" kwa dharau iliyomfanya yule mtu akimbilie nyumbani kuchukua pesa.

Ndani, wanunuzi walipima kiatu chini ya taa kwa sauti za msikitini na kanisani, wakalipa bila kuuliza, wakatoka na maboksi meupe wameyashika juu kidogo kuliko ilivyo lazima. Nyuma ya pazia alikaa shangazi, akifunga tepe. Kazi hiyo alipewa na Daktari mwenyewe, kwa sababu hakuna mikono mjini iliyofunga fundo zuri kama lile.

Jumamosi mtaa mzima ulikuwa ukilia. Kwii-kwaa kutoka sokoni, kwii-kwaa kutoka kituo cha polisi, bwana harusi mmoja kwii-kwaa hadi mbele ya wageni wake. Mwalimu mkuu alirudi dukani amefura kwa hasira. Ndiyo hayo, Daktari alijisemea, wameamka.

"Hiki cha kushoto hakilii!" mwalimu mkuu alifoka. "Mnaniuzia feki?"

Bei-Moja akambadilishia, tena kwa malipo kidogo. Karani mstaafu akazimia, akasifiwa sana, na watu wawili wakanunua viatu kwa sababu ya kumwonea huruma. Daktari alikuwa na furaha ya mtu aliyelewa. Alizunguka duka akiwapungia watu mkono, na soli ya kiatu chake cha kulia, iliyochoka kukimbizwa siku mbili, ikaanza kufumuka bila yeye kujali.

Lakini furaha ikiwa kubwa mno hugeuka hesabu. Asubuhi ile, akivaa, alikuwa ameanza kufikiri. Nusu ya faida ilikuwa nono kupita alivyoota. Ukitoa cherehani, inapungua. Ukitoa karani, mkaa, kinyozi na wenzao, inapungua tena, inaanza kuonekana kama mshahara, na Daktari hakutoka nyumbani kwa suti ili apate mshahara. Miji mingine ilikuwa na viatu vyake vinavyolia. Na shangazi? Shangazi angemtumia cherehani mpya, ya umeme, yenye taa, mara tu akishatulia huko. Alijiapiza hivyo mbele ya kioo, akajiamini kabisa, kwani alikuwa msemaji mzuri. Kisha akalipeleka begi lake stendi, akaliacha kwa mama wa kibandani, na kuja kazini akiimba.

Jioni, mlango ulipofungwa, Bei-Moja alimlipa. Alizitenga noti zile kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino.

"Usitoke nazo mkononi," mzee alisema. "Nje kuna watu. Tia kwenye boksi, uonekane mteja."

Daktari aliliona wazo hilo ni zuri, akasikitika kwamba si lake. Shangazi akalichukua boksi, akaingia nalo nyuma ya pazia, akarudi nalo limefungwa utepe mwekundu, fundo limekaa kama ua.

"Kesho tunagawana, mwanangu?"

"Kesho asubuhi, shangazi yangu. Tena na cherehani." Akambusu shavuni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni.

Alitamani kufungua boksi na kuzitazama tena, lakini Bei-Moja alikuwa amesimama pale anamtazama, na mwiko ulikuwa wake mwenyewe. Alilibeba mtaani juu kidogo kuliko ilivyo lazima. Watu walimtazama. Ilikuwa, kama alivyosema, njia nzuri sana.

Stendi, mkata tiketi alinyoosha mkono. Daktari akafungua fundo, akainua kifuniko.

Viatu. Vya manjano. Na namba ilikuwa ya miguu yake.

Alilipekua boksi, akalitikisa, akaiondoa karatasi laini, akachungulia ndani ya kila kiatu mpaka vidoleni. Mkata tiketi alisubiri kwa adabu, kisha akasema, "Vizuri hivyo. Umepanga foleni kwa muda gani?"

Basi likaondoka. Daktari akachukua begi lake, akapiga hatua tatu, na soli ya kulia ikabaki nyuma. Akakaa ukingoni mwa barabara, akatafakari heshima yake, akavaa vya manjano.

Kwii-kwaa, kwii-kwaa, njia nzima hadi nyumbani. Wapita njia walimpisha kwa heshima, jambo lililomuumiza zaidi.

Sauti ya cherehani aliisikia kabla hajafika. Aliijua tangu anatambaa, ule mlio wa kukimbia na kusita, na miguu yake ikasimama yenyewe. Mbele ya dirisha la shangazi, kuanzia mlangoni hadi barabarani, kulikuwa na foleni. Alikuwepo kinyozi, alikuwepo mama muuza mkaa, na mmoja mmoja walikuwa wakipokea ujira wao dirishani na kutoka wakicheka. Daktari alijaribu kupita pembeni.

"Foleni!" wakapiga kelele wote, wamekasirika vilevile alivyowafundisha.

"Mimi naishi hapa."

"Wote wanasema hivyo," alisema karani mstaafu, akamwonyesha nyuma kwa fimbo. "Na usitabasamu."

Akasimama mwisho. Shangazi akachungulia dirishani, miwani puani.

"Nimekusikia tangu kwenye kona. Fundi amepata spea, umeona?"

"Shangazi, ulijuaje?"

"Cherehani yangu nilikuwa naiona kila nikienda sokoni, imekaa pale dirishani kwa watu. Nikasema, ngoja nimwone mwanangu atafanyaje. Nilikungoja. Mpaka leo asubuhi nilikuwa nakungoja." "Halafu nikaingia kufagia chumba chako, mswaki haupo. Mwanamume anayekwenda kazini habebi mswaki."

Aibu ilimpanda Daktari hadi masikioni, na safari hii haikuonyesha dalili ya kulala.

"Nisamehe, shangazi."

"Chakula kipo. Ujira wako pia upo, wa kusimama, kama wenzako. Pesa iliyobaki nimeshainunulia kitambaa. Subiri zamu yako."

Akasubiri. Na alipokuwa akisubiri, kichwa chini, akitazama manjano ya miguu yake, alihisi mtu anampumulia shingoni. Akageuka. Alikuwa mwanamke aliyetoka matembezini, na nyuma yake alikuwepo mwingine, na mwingine akija mbio kutoka ng'ambo.

"Wanauza nini hapa?" mwanamke aliuliza.

Daktari akafungua mdomo. Lakini shangazi alikuwa ameshatoa kichwa dirishani kabla hajasema, na cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Magauni," alisema shangazi. "Lakini mwambie ukweli, mwanangu: sidhani kama yatamfikia kabla hayajaisha."