Gia Boksi ya Boti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 14 Julai

Safina bado yuko kwao Ruangwa. Aliondoka mwezi wa Ramadhani, siku kabati lake la vyombo lilipoungua. Nilikuwa nimeligeuza mashine ya kutotolea vifaranga, kandili likaanguka. Ajali! Lakini mke mwenye hasira hasikilizi sayansi. Baba yake, Mzee Kaimu, amesema binti harudi Nachingwea mpaka nimwonyeshe kitu kimoja, kimoja tu, nilichokianza nikakimaliza.

Leo Mungu kafungua mlango. Mzee ufuta ulimwendea vizuri, akanunua boti ya kuvushia abiria kule Lindi. Sasa gia boksi ya nyuma, ile inayozungusha pangaboi majini, inalia kama mbuzi aliyekabwa. Bakary, mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wake Safina, ana gereji hapo hapo Ruangwa na alishaanza kukunja mikono ya shati. Nikawahi kupiga simu. Mzee akauliza kama nimewahi kutengeneza boti. Nikamwambia gia ni gia, baba, iwe ya trekta au ya meli. Kwamba boti sijawahi hata kuipanda, hilo hakuliuliza.

Jumanne, 15 Julai

Imefika kwa boda, imeviringishwa kanga ya Safina. Nimeinusa. Inanuka oili, lakini chini ya oili yumo Safina. Nimemkumbuka mke wangu, jamani.

Nimeifungua uani juu ya mkeka. Ndani kuna gia zinazoumana meno, na kando yake vibati vyembamba kama karatasi. Mafundi tunaviita shimu. Vikizidi, gia zinabanana, vikipungua, zinagongana. Nimezipanga shimu kwenye sinia kwa mfuatano zilivyotoka. Bakary asingeweza kupanga vizuri hivi!

Nimeingia ndani kunywa maji tu. Nikatoka, nikamkuta Eusebio. Eusebio ni jirani yangu na mtani wangu: yeye Mngoni, mimi Mmwera, babu zake waliwakimbiza babu zangu porini, na kwa sababu hiyo leo ana haki ya kuingia kwangu na kubeba anachotaka. Kachukua shimu tatu, kazitunga kwenye uzi, kazivaa shingoni kama hirizi. Katangaza kwamba hao ni mateka wa vita, nikawakomboe kwa jogoo. Mtani hakasirikiwi. Nimecheka. Nimecheka mpaka taya likauma.

Jumatano, 16 Julai

Jogoo ninaye mmoja tu. Ndiye kifaranga pekee aliyetoka hai kabatini. Ni ushahidi wa kisayansi, na nimemtunza kwa ajili ya siku Safina atakaporudi. Nimpe Eusebio? Thubutu!

Shimu ni bati. Bati ni bati. Nimekata zangu tatu kwenye kopo la rangi ya bluu, unene nimepima kwa ukucha. Zimependeza kuliko zile za kiwandani.

Ijumaa, 18 Julai

Nimefunga. Haizunguki. Nimetoa kibati kimoja. Haizunguki. Nimetoa cha pili. Inazunguka kama feni! Dionisia, mkewe Eusebio, kachungulia ukutani na kuuliza kwa upole mbona kuna skrubu imebaki mkekani. Nimemjibu hiyo ni ya akiba.

Nimempigia Mzee. Anataka aione ikifanya kazi Jumapili, mbele ya watu. Kisha Safina akachukua simu. Sauti yake baada ya miezi yote hii! Kauliza kama shimu zote zimo. Swali hilo kafundishwa na Bakary, namjua. Nimemwambia zimo. Kibati kimo, kwa hiyo si uongo kabisa.

Jumapili, 20 Julai. Ruangwa

Aibu.

Nilipanga kila kitu. Pipa la maji katikati ya uwanja, gia boksi imefungwa ukingoni, pangaboi ndani ya maji. Pembeni pikipiki, gurudumu la nyuma limevuliwa tairi, na mkanda nilioazima kwa mwenye mashine ya kusaga, unaounganisha gurudumu hilo na gia boksi. Nikaliweka pipa mbali na jiko la mama mkwe, Bi Amna. Kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe. Nikimwona njiani nachepuka, hata kama kuna miiba.

Nikavuta mafuta. Pangaboi likazunguka! Watu wakapiga makofi. Mzee akatabasamu. Safina akaniangalia, naapa aliniangalia. Nikavuta tena.

Kraa! Gia ikakamata. Mkanda ukaruka, pipa likapinduka, maji na oili moja kwa moja mpaka jikoni. Bi Amna akalowa kuanzia kichwani. Na mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikakimbia kumfuta. Kumfuta mama mkwe! Kwa mikono yangu! Wanawake wakajifunika nyuso kwa kanga.

Bakary akafungua, akachomoa kibati cha bluu, akakiinua juu kila mtu akione. Nikatamani ardhi ipasuke. Ndipo akatokea Eusebio, uzi shingoni. Kumbe Safina alimpigia tangu Ijumaa, maana ninaposema "zimo" kwa haraka huwa anajua nadanganya, na Eusebio akamweleza yote. Safina kamwambia jogoo yupo bandani, akamchukue, shimu azilete. Utani ukaisha hapo. Gia zimepona, Bakary anazifunga upya.

Mzee akasema basi, hakuna nilichokimaliza. Nikalia. Sikujificha, nililia. Safina akasimama akamwambia, "Baba, niache niende. Huyu akikaa peke yake ataichoma Nachingwea yote." Watu wakacheka, isipokuwa Bi Amna. Nimeagizwa kumpelekea kanga ya kuomba radhi, kupitia mtu mwingine.

Jumanne, 22 Julai

Safina yuko nyumbani! Nyumba inanukia nazi. Kaja na cherehani aliyopewa na mama yake, na nimeapa mbele yake kwamba sitaigusa mashine yoyote mpaka mwisho wa maisha yangu. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Sasa hivi kaenda sokoni. Cherehani inagonga. Si sana, ila mke niliyempata kwa shida vile hastahili cherehani inayogonga. Nimeifungua kidogo tu, vipande vyote nimevipanga kwenye sinia. Nilikwenda kunywa maji. Eusebio kapita.

Si kitu. Kopo la rangi bado lina bati.