Siku Mahamudu wa Kibiti Alipobonyeza "Kataa"

Sogeeni, enyi watu wa Kibiti, na ninyi wa Bungu mnaosubiri gari, na ninyi wa Umwe ambao mpunga wenu unaweza kuota wenyewe kwa nusu saa! Zimeni redio. Mwenye kikohozi na akohoe sasa. Nitawasimulia tendo ambalo majemadari wa kale, waliovuka mito na kuvunja ngome, hakuna hata mmoja wao aliyelithubutu: jinsi Mahamudu bin Mwinjuma, muuza vitambaa, simba wa kaunta, mwenye mkono usiotetemeka juu ya mkasi, alivyobonyeza neno "Kataa" kwa kidole chake mwenyewe.

Mnacheka? Haya, chekeni kabisa, nitasubiri.

Shujaa wetu ni mgane. Watoto wake wote wameshaoa na kuolewa, na moyo wake ulikuwa umetekwa, bila risasi hata moja, na Bi Waride, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake. Na huyo Bi Waride, aliyekwisha achana na mume mmoja, alikuwa ametangaza kwenye arusi moja, mbele ya masufuria ya pilau na mashahidi wasiohesabika, kwamba ataolewa na fukara, ataolewa na mwenye kipara, lakini mkoromaji hamtaki tena. Yule wa kwanza alimtosha.

Mahamudu anakoroma. Nalisema kwa heshima zote anazostahili mtu mzima: anakoroma kama mashine ya kusaga inayokaribia kuharibika.

Basi, kama afanyavyo kila mwenye hekima, hakwenda kwa daktari, asije akaonwa. Alikiuliza kishikwambi cha dukani, kile anachowaonyeshea wateja maua ya mapazia yanayouzwa Dar. Aliandika maneno matatu tu, "dawa ya kukoroma", akasoma, akafunga, akadhani siri imebaki baina yake na kioo.

Maskini! Hakujua kwamba kila tovuti huacha ndani ya chombo vijifaili vyake, viitwavyo vidakuzi, na kwamba vipo miongoni mwavyo vinavyokufuata kila uendako kama shemeji asiye na kazi. Asubuhi alifungua saa za swala, akakutana na swali: "Je, unakoroma?" Akakimbilia matokeo ya mpira: "Mkeo amehamia chumba cha pili?" Akafungua mapazia, na hapo, baina ya waridi jekundu na waridi la buluu, alilala bwana mnene, mdomo wazi, akitangaza vidonge.

Amirali, jirani yake wa duka la nondo na mabati, alikuwa ameingia kuazima futi. Akaona. Akaweka mkono kifuani, akanena kwa sauti ya watu wazito: "Ndugu yangu Mahamudu! Siri yako nitakwenda nayo kaburini. Nitamwambia mke wangu peke yake."

Na hapo ndipo palipokuwa na msiba, wasikilizaji wangu, kwa maana Jumamosi Bi Waride mwenyewe alikuwa aje kuchagua mapazia ya mteja wake. Wangeinama juu ya kishikwambi kimoja, na Mahamudu alikuwa amekwisha azimia kwamba siku hiyo, pazia likishapatikana, atamuuliza kama anaweza kuwatuma wazee wapeleke posa. Bwana mnene angemtangulia.

Shujaa akaingia vitani kwa silaha za ukoo. Akawasha chetezo, akatia ubani, akakizungusha kishikwambi juu ya moshi huku akisoma, kama afukizavyo duka kila alfajiri kufukuza husuda. Nani asemaye hakufanikiwa? Kishikwambi kilinukia vizuri sana, na bwana mnene akaendelea kulala ndani ya harufu hiyo.

Ndipo akampigia Hafsa, bintiye aliyeolewa Bungu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Adui ameingia dukani."

"Wezi?"

"Afadhali wezi, maana wezi huondoka. Matangazo haya yananifuata kama kivuli."

"Matangazo ya nini?"

"Ya... magodoro."

"Sasa magodoro yana ubaya gani, baba? Vumilia."

Mahamudu akachungulia mlangoni kama Amirali yupo. Mwisho Mahamudu akafanya jambo gumu kuliko vita: akasema kweli, yote, mkoromo na Jumamosi na Waride, kisha akangoja kulaumiwa, kwa kuwa aliogopa kwamba bintiye ataona amemsahau mama yake.

"Baba," Hafsa akasema polepole, "mama angekuambia umechelewa. Haya, niambie. Ukifungua tovuti, kile kibao kinachouliza kuhusu vidakuzi, unabonyeza nini?"

"Kubali vyote."

"Vyote? Kila siku?"

Mahamudu akasimama, ingawa hakuna aliyemwona. "Hafsa binti Mahamudu! Mimi ni mtoto wa duka. Babu yako alinifundisha kwamba mteja wa kwanza wa asubuhi harudishwi, hata akitaka pini moja, na abishaye hodi huambiwa karibu. Mtu amesimama mlangoni, ananiambia kwa adabu kwamba anajali faragha yangu, mimi nimwambie rudi ulikotoka? Kwa uso gani?"

"Baba, huyo habishi hodi. Huyo ameshaingia ndani, anakuomba ruhusa aendelee kupekua kabati lako."

Neno hilo lilimwingia. Akakaa.

Akaongozwa kwenye mipangilio, kwenye faragha, mpaka lango la mwisho lililoandikwa "Futa data ya kuvinjari". Kishikwambi kikamtisha kwamba tovuti zitamsahau, na mapazia yote aliyokwisha kumwekea Waride yatapotea. Akasema bismillahi, akafuta. Akazuia na vidakuzi vya watu wa kando, wale wanaojipenyeza kwenye tovuti zisizo zao. Kisha akafungua tovuti ya mapazia upya, na kibao kikatokea, kikabisha hodi.

Kidole, kidole cha mababu waliouza nguo kandokando ya mto, kikaenda chenyewe kwenye "Kubali". Akakizuia kwa mkono wa pili. Wakashindana. "Samahani sana," Mahamudu akakiambia kioo, jasho likimtoka, "leo hapana. Usinielewe vibaya." Akabonyeza "Kataa vyote".

Mbingu hazikuanguka. Mapazia yakafunguka yaleyale.

Jumamosi Bi Waride akaja. Wakaanza kuchagua upya, waridi baada ya waridi, na katikati yake halikutokea lolote ila tangazo la mbolea. Mahamudu akajaa ushujaa. Akafungua mdomo.

"Ngoja kwanza," Waride akasema, akatoa simu yake, "kuna ua moja nililiona huku."

Akafungua. Na juu ya ua lile, kwa herufi nene, palikuwa pameandikwa: "Vizibo vya masikio! Lala kwa amani kando ya mkoromaji."



"Bwana Mahamudu," Waride akasema, wala hakuificha simu, "Ijumaa msikitini, hotuba ikirefuka unasinzia, na mkoromo wako unasikika mpaka upande wetu wanawake. Unadhani vizibo hivi nilikuwa navitafuta kwa ajili ya nani?"

"Na yale... ya arusini?"

"Nilisema makusudi ili uambiwe. Nilitaka nione kama utahangaika." Akamsogezea simu. "Haya, nifutie hili, wazee wako wasije wakalikuta."

Mahamudu akaipokea kwa mikono miwili. Akafuta, akazuia, akafungua mapazia. Kibao kikabisha hodi. Akamtazama Waride, akabonyeza "Kataa", na safari hii hakuomba radhi.

Hiyo ndiyo historia, watu wa Kibiti. Washeni redio zenu.